Kwao Wote Wanaongea

Seremala yule alikuwa na vidole vinane. Viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na jirani yake, vilichukuliwa na msumeno wa mashine alipokuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, siku aliyogeuza shingo kumwitikia mtu aliyepita mlangoni akimsalimia. Salamu moja, vidole viwili. Tangu siku hiyo alikula kiapo kwamba macho yake hayatabanduka tena mikononi mwake, na kiapo hicho, tofauti na viapo vingi vya wanaume, alikitimiza. Mteja aingie, mteja atoke, aulize bei ya kabati au alalamikie mlango uliovimba kwa mvua, fundi alijibu ameinama, macho kwenye randa. Watu wa mtaa walishazoea kuzungumza na utosi wake. Walisema ana adabu, wengine wakasema ana maringo, na yeye hakujisumbua kuwasahihisha.

Karakana ilikuwa mbele, vyumba viwili nyuma, jiko la bati uani. Mkewe alikuwa msemaji wa nyumba nzima. Aliongea kwa ajili yake na kwa ajili ya mumewe, akabakiza. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, waliyempa jina la mama yake fundi, kwa hiyo nyumbani wakamwita Bibi Mdogo. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa kali iliyomlaza siku kumi na mbili. Homa iliondoka, ikaondoka na masikio yake.

Mama yake hakunyamaza kwa sababu mtoto hasikii. Walitengeneza maneno yao wenyewe jikoni, mama na mwana, kwa mikono iliyojaa unga. La kwanza kabisa lilikuwa la sufuria. Mama alikunja ngumi ya kushoto, hiyo ndiyo sufuria, akaweka kiganja cha kulia juu yake, hicho ndicho kifuniko, kisha akakiinua kidogo huku amepandisha nyusi: umekula? Mtoto akiwa ameshiba alikigeuza kiganja juu, sufuria tupu. Akiwa na njaa alikibakiza kifuniko pale pale, kimefunika. Fundi aliyaona hayo kila siku akipita kwenda kunawa. Aliyachukulia kuwa mambo ya jikoni, akanawa, akala, akarudi kwenye mbao zake.

Akiwa na miaka saba, Bibi Mdogo alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Fundi alimtengenezea sanduku la mbao lenye bawaba za shaba, na huo ndio uliokuwa mchango wake wote katika elimu hiyo, mbali na karo. Huko shuleni mtoto alipata lugha ya ishara, lugha kamili, yenye utani wake na matusi yake. Kila likizo alirudi na mikono inayokwenda kasi zaidi. Mama yake alimfuata kwa kukisia, wakicheka wote wawili. Shule ilituma barua kila muhula: wazazi wanakaribishwa kujifunza lugha ya ishara, Jumamosi, bure. Mojawapo ya barua hizo fundi aliifungia misumari.

Kisha mkewe akafa. Binti alikuwa na miaka kumi na minne.

Nyumba ikawa na watu wawili na hakuna aliyekuwa na neno la kumpa mwenzake. Siku ya maziko fundi alimwekea binti yake mkono begani, na alipouondoa hakujua afanye nini kingine. Wakaanza kuandikiana. Fundi alichukua vipande vya mbao vilivyobaki na penseli yake nene ya kuchorea: *Chakula kipo. Nimekwenda kuleta mbao. Funga mlango.* Binti aliandika upande wa pili: *Sawa.* Likizo sita zilipita hivyo. Ukivikusanya vibao vyote vya likizo hizo, ungepata kuni za kuchemshia chai ya siku mbili, na ndani yake usingepata sentensi moja ambayo mtu angeitunza.

Kibao cha mwisho ndicho alichokitunza. Alikikuta juu ya benchi ya kazi asubuhi binti aliporudi shuleni, maandishi ya mviringo, yamepangwa vizuri: *Likizo ijayo nitakwenda kwa kina rafiki yangu. Kwao wote wanaongea.*

Alikisoma akiwa amesimama. Rafiki huyo alimjua kwa picha tu. Alikuwa kiziwi, na baba yake, na mama yake, na kaka zake wawili, wote viziwi. Kwao wote wanaongea. Fundi alikaa juu ya rundo la maranda ya mbao, kibao mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alilia, kwa sauti, maana katika nyumba ile hakukuwa na wa kumsikia.

Dada yake, aliyekaa mtaa wa pili na aliyekuja kila Jumapili kumfulia mashuka na kumpa ushauri, alisema, "Kaka, mwache aende. Akifika kule atachoka, atarudi mwenyewe."

"Akizoea je?"

"Basi atakuwa amezoea. Wewe ungemwambia nini hata angekuwepo?"

Fundi aliinamia kiti alichokuwa akikipiga msasa. Lakini Jumamosi iliyofuata alivaa shati la mikono mirefu, akapanda basi. Shule ingefungwa baada ya wiki kumi na moja. Kama angeweza kusema mambo mawili matatu kwa lugha ya mtoto kabla ya siku hiyo, pengine binti angebadili nia yake. Kama asingeweza, angempoteza, na angempoteza kwa uvivu wake mwenyewe. Hilo alilijua.

Darasa la wazazi lilikuwa kwenye chumba cha darasa la kwanza. Wazazi kumi na mmoja walikaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na masikio, na fundi kabla hata ya salamu alishaona kwamba viti vinne vina miguu inayocheza na kimoja kimepigiliwa msumari badala ya gundi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kiziwi tangu kuzaliwa, mwenye uso usiotulia. Mkalimani wake alikuwa mpishi wa shule, mama mnene aliyeajiriwa kupika na ambaye, kwa kukaa miaka kumi na tisa kati ya watoto wanaodai nyongeza ya chakula kwa mikono, alikuwa ameijua lugha hiyo kuliko wenye vyeti. Alikuja na aproni yake, akinukia vitunguu.

"Mwalimu anasema midomo yote ibaki nje," alitangaza. "Wangu tu ndio umepewa ruhusa, na wangu nao umeonywa."

Fundi aliogopa mkono wake. Aliuficha chini ya dawati mpaka mwalimu alipofika mbele yake, akauomba kwa kunyoosha kiganja, akautazama, akaukunjua, akaurudisha. Kisha akamwonyesha neno la kwanza: *baba*. Alilifanya vizuri. Mwalimu akakubali kwa kichwa, akaenda kwa mwingine.

Huwezi kumfundisha seremala kwa miaka thelathini na tano kuheshimu mikono kisha ushangae ikishika haraka. Kila wiki alirudi na maneno kumi na mawili, akayachora kwa penseli kwenye ubao wa plaiwudi uliotundikwa ukutani mwa karakana, mishale ikionyesha mkono unakokwenda. Wenzake walipungua. Dereva mmoja aliacha wiki ya pili, akisema mwanawe anasoma vizuri tu, anamwandikia. Wengine waliacha bila kusema. Fundi alikuja mapema na gundi mfukoni, akarekebisha viti kabla ya somo.

Jumamosi ya nne, maneno yake yakiwa yamekaribia hamsini, alipiga moyo konde. Baada ya somo alimfuata binti yake kwenye kamba za kuanikia nguo. Bibi Mdogo alikuwa amesimama na rafiki yake, mikono ikienda, wakicheka. Alipomwona baba yake mikono ikatulia. Fundi alitoa sentensi aliyoiandaa tangu Jumatatu, polepole, bila kukosea hata moja: *Habari. Mimi baba yako. Mimi najifunza. Wewe unafurahi?*

Alipoinua macho kutafuta jibu, binti alikuwa ameshainama, anabeba beseni lake. Rafiki alimtazama fundi kwa huruma, kisha naye akaondoka. Nguo zilibaki zikitona maji kwenye vumbi.

Hakuelewa. Ndani ya basi alizirudia zile ishara chini chini, juu ya mapaja, moja baada ya nyingine, akitafuta kosa. Hakuna kosa alilolipata. Basi ananichukia, alijiambia, na neno hilo lilimkaa kifuani wiki nzima.

Angeweza kuacha hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliendelea kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda siku ya Jumamosi. Jumamosi ya sita lilikuwa somo la majina. Mpishi alieleza kwamba viziwi hawahangaiki kuandika jina la mtu herufi kwa herufi kila wanapomtaja. Humpa ishara yake moja, kwa kile wanachokiona kwake. Na mtu hajipi jina, hupewa nao. Mpishi mwenyewe alikuwa *Upawa*. Mama wa mapacha, mmoja wa wazazi watatu waliobaki, akapewa ishara ya kishimo cha shavuni, akafurahi kama aliyepewa zawadi.

Fundi akauliza kwa sauti, akisahau sheria ya midomo. "Mimi binti yangu ananiitaje akinitaja huku?"

Mpishi alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Fundi, hayo ya watoto achana nayo."

"Ni vidole, si ndiyo? Niambie tu, mama. Nimeshavizoea."

Mwalimu alikuwa ameona kuna jambo. Alimuuliza mpishi, wakabishana kidogo kwa mikono, kisha mwalimu akaja mbele ya fundi. Aliinamisha kichwa mpaka uso ukapotea, akajigonga utosini kwa kiganja. Mara moja tu.

"Utosi," alisema mpishi kwa sauti ya chini. "Anakuita Utosi. Binti yako anasema ndio anaouona akikutazama. Anasema tangu mama yake afariki, hajui baba yake ana macho ya rangi gani."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliendelea, na mpishi akamfuata neno kwa neno: "Anasema vidole vyako havina tatizo, kila mtu anakuelewa. Tatizo ni kwamba ukiongea unaitazama mikono yako. Tangu siku ya kwanza. Kwetu sisi mtu anaongea na wewe huku anakutazama usoni, na mambo nusu yako usoni. Ukitazama mikono, ni sawa na kumpa mtu kisogo unapomsalimia. Anasema alidhani utaacha mwenyewe. Anakuomba radhi kwa kuchelewa kukwambia."

Fundi aliiangalia mikono yake iliyolala juu ya dawati. Aligundua anaiangalia. Akainua macho, na mara yakarudi chini yenyewe, kama mbwa aliyezoea mlango wake. Aliwaeleza basi, kwa mdomo, habari ya msumeno na ile salamu. Hakuwahi kumsimulia mtu. Alisema hawezi; kwamba akiyaondoa macho mikononi anaona vile vidole vilivyokuwa kwenye maranda.

Mwalimu alisikiliza kupitia mpishi mpaka mwisho. Kisha akatoka, akarudi na boksi la sabuni kutoka stoo, akalitoboa katikati kwa kisu cha jikoni, akamvika fundi shingoni. Boksi lilitanda mbele ya kifua chake kama sinia. Mikono ilikuwa chini, haionekani. Mwalimu akakaa mbele yake, akajielekeza vidole viwili machoni: hapa.

"Sasa sema," mpishi alimwambia. "Na usinichekeshe, nina wali jikoni."

Alijaribu kusema *baba*. Jasho lilimtoka. Alikuwa na hakika mikono imekwenda kusikojulikana, kwamba kuna kitu chini ya lile boksi kinaisubiri. Mwalimu alikubali kwa kichwa: ndiyo, ni *baba*, endelea.

Boksi la sabuni halikumaliza wiki, kwa hiyo fundi alijitengenezea lake la plaiwudi nyembamba, kingo zimepigwa msasa, na vanishi juu, maana hakujua kutengeneza kitu nusunusu. Kila jioni baada ya kufunga karakana alilivaa, akakaa mbele ya kioo cha marehemu mkewe. Dada yake alimkuta hivyo, akashika mlango.

"Kaka! Ni nini hiki tena?"

"Nasoma."

"Ndani ya meza?"

Alicheka, na yeye akacheka, lakini dada alipoondoka kioo kilibaki na mtu mmoja. Ugumu haukuwa mikono tena. Ugumu ulikuwa kumtazama mtu yule na kumwambia kitu. Alianza na vitu vidogo: leo mvua, leo mteja hakuja. Kwenye wiki ya tisa alimwambia kwa ishara kwamba mkewe alipokuwa anakufa aliuliza binti yuko wapi, na yeye alishindwa kwenda kumwita kwa sababu hakujua angemwelezaje mtoto kinachotokea. Mikono ilimaliza sentensi hiyo yote bila kutazamwa. Yule wa kwenye kioo alikuwa na uso mzee kuliko alivyodhani, macho ya kahawia, mekundu pembeni.

Siku ya kufunga shule alitoka alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Nyumbani aliacha chumba cha binti kimefagiliwa, na meza mpya ya kusomea chini ya dirisha, imekauka vanishi tangu juzi. Sentensi yake ilikuwa tayari: *Nyumba ina ukimya. Nilikosea. Naomba urudi.*

Uwanja ulijaa wazazi na masanduku. Basi la shule lilikuwa linanguruma, likisubiri wanaokwenda upande wa kaskazini, kwao rafiki. Bibi Mdogo alikuwa karibu na mlango wa basi, sanduku lile la bawaba za shaba miguuni pake. Fundi alisimama mbele yake, akainua mikono, akamtazama.

Hakuwa amejiandaa kwa uso. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, na nyusi za mama yake, na alama ndogo kidevuni ambayo baba yake hakujua ilitoka wapi. Sentensi ikavunjika. *Nyumba*, mikono ilisema, *ukimya*, kisha ikakwama hewani, na yeye hakuitazama kuona imekwama wapi. Alibaki akimtazama tu. *Nilikosea*, alipata kusema. *Naomba.*

Binti aliyafuata macho yake, kushoto, kulia, kama mtu anayehakikisha. Kisha akasema polepole, kwa maneno aliyojua baba anayo: *Nimeshaahidi. Mama wa rafiki anasubiri.*

Ilimuuma, na hakujaribu kujitia ugumu. Alitikisa kichwa: sawa. Akalibeba sanduku, akampandishia. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka.

Basi lilifunga vioo kwa sababu ya vumbi. Wazazi walijazana ubavuni, wakipiga kelele za kuaga, shika hiki, usisahau kile, injini ikizimeza zote, na watoto ndani wasingezisikia hata injini ingezimwa. Fundi alirudi nyuma hatua chache, mpaka mahali ambapo angeonekana. Mpishi alikuja kusimama kando yake na aproni yake. Dirishani Bibi Mdogo alisugua kioo kwa kiwiko, akainua mikono.

"Wiki ya mwisho!" mpishi alimshika fundi mkono kwa furaha. "Wiki ya mwisho ya likizo anakuja nyumbani!"

"Nimeona," alisema fundi.

Basi likaanza kuondoka. Binti aligeuka kwenye kiti, akabandika uso kwenye kioo cha nyuma. Alikunja ngumi ya kushoto, akaweka kiganja cha kulia juu yake, akakiinua kidogo, nyusi zimepanda. Fundi alikunja ngumi yake yenye vidole vitatu, akaifunika kwa kiganja, akakiacha pale pale, kimefunika. Alisimama hivyo, macho yakiwa kwenye kile kioo, hadi basi lilipokata kona ya ukuta wa shule.

Mpishi alikuwa amekunja uso. Alijaribu ishara ile kwa mikono yake mwenyewe, akashindwa kuipatia maana.

"Hiyo ya mwisho imenishinda, Fundi. Miaka kumi na tisa niko hapa, hiyo sijawahi kuiona. Amesemaje?"

"Ameniuliza kama nimekula."

"Na wewe?"

"Nimemwambia bado."